Kushinda pwani na watoto siku ya bamvua: mwongozo kamili kwa familia

Familia inaamka Jumapili, inapika pilau, inakodi gari hadi Jambiani au Paje, inafika saa tano, na bahari haifai kwa lolote. Haijatoka kiasi cha kutembea kwenye mwamba, wala haijajaa kiasi cha kuogelea. Watoto wanahangaika juani saa mbili nzima, mmoja anakanyaga miiba, mwingine kichwa kinamuuma, na saa nane gari linarudi mjini kila mtu kanuna. Habari hii nimeisikia kwa jamaa, kwa majirani na kwa wazazi wenzangu wa skuli mara nyingi mno. Karibu kila mara kosa ni lile lile: siku ilichaguliwa kwa kuangalia lini watu wana nafasi, mwezi haukuulizwa.

Mwongozo huu ni wa kutwa moja siku ya bamvua, yaani siku bahari inapotoka mbali na kujaa sana, kwa familia yenye watoto wa miaka mitano na kuendelea, pwani ya mashariki na kusini ya Unguja. Wa Pemba wana sehemu yao huko chini. Msimu ninaoupendelea ni mapema Juni: masika yamekwisha, kipupwe kimeingia, skuli zinakaribia kufunga, na hoteli za pwani bado hazijajaa wageni.

## Vitu vya kukusanya kwanza

Usianze kupanga safari kabla hivi havijapatikana, kwa sababu vingine huvipati ukishafika kijijini.

- Kalenda ya Kiislamu, pamoja na jedwali la maji la Zanzibar au programu ya simu inayoonesha saa za bahari kupwa (maji kutoka) na kujaa.
- Viatu vya kufunga mguu kwa kila mtu, watoto na wakubwa. Yeboyebo zenye mkanda wa nyuma zinatosha. Kandambili hazifai: tope la pwani huzinyonya na mguu unabaki mtupu palepale penye miiba.
- Saa ya mkononi yenye kengele. Simu inaweza kulowa.
- Filimbi moja kwa kila mtu mzima.
- Maji ya kunywa: lita mbili kwa mtu mzima, lita moja na nusu kwa mtoto. Visima vya vijiji vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi.
- Nguo za mikono mirefu na kofia. Jua la Juni linadanganya kwa upepo wake. Mtoto haoni joto, usiku ndipo anapolia mabega.
- Kanga nne au tano. Hizi ni kivuli, taulo, mkeka, stara ya kubadilishia nguo, na zikibidi, mbeleko.
- Termosi ya maji moto, kibanio cha kung'olea miiba, bandeji, dawa ya vidonda na paketi mbili za chumvichumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini.
- Ndoo ndogo nyeupe na miwani ya kupigia mbizi.
- Kikapu cha ukili cha kurudishia taka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku visiwani, na upepo wa kusi huipeperusha.

Chakula kipikwe nyumbani na kiwe kikavu: mihogo ya kuchemsha, maandazi, mayai, samaki wa kukaanga. Wali wenye mchuzi ufukweni ni mchanga mtupu.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Bahari yetu hupwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku. Kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku inayofuata wakati husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mwezi na jua huvuta bahari kwenye mstari mmoja, ndipo tunapopata bamvua: maji yanatoka mbali na yanajaa sana, tofauti ya kina ikiwa kati ya mita 3 na 4. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo inakingamana. Hayo ndiyo maji mafu, na tofauti yake ni mita moja hivi. Siku ya maji mafu hata ukae pwani kutwa, mwamba hauonekani.

Sasa jambo linalorahisisha kila kitu: hapa kwetu bamvua hupwa saa zilezile kila mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri. Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa sebuleni ni jedwali la maji tosha kwa kuanzia. Isome hivi:

- Tarehe 13 hadi 17, na tarehe 28 hadi 2 ya mwezi unaofuata: maji hupwa kati ya saa tatu na saa sita. Hizi ndizo siku za watoto.
- Tarehe 3 hadi 5, na 18 hadi 20: maji hutoka vizuri, lakini ni adhuhuri na baada yake, jua la utosini. Wakubwa wanaweza, watoto wadogo waache.
- Tarehe 7 hadi 9, na 21 hadi 23: maji mafu. Usiende kwa ajili ya mwamba.
- Tarehe 10 hadi 12, na 24 hadi 26: maji hupwa alfajiri au asubuhi mapema. Hizi zinamfaa aliyelala kijijini. Anayetoka mjini hazimfai.

Tarehe za mwandamo zinaweza kupishana siku moja kulingana na mwezi ulivyoonekana, kwa hiyo ukishachagua siku, ihakikishe kwenye jedwali. Tahadhari: baadhi ya programu huonesha saa za Greenwich. Ikiwa saa ya bamvua inaonekana ni saa moja asubuhi badala ya saa nne, hilo ndilo tatizo. Ongeza saa tatu.

Ikiwa mapumziko yako ni Jumapili tu na Jumapili imeangukia maji mafu, ahirisha wiki moja. Ni bora watoto wanune leo nyumbani kuliko kuichukia pwani mwaka mzima.

Utajua umemaliza hatua hii ukiwa na karatasi yenye mambo manne: siku, saa ya maji kupwa kabisa, saa ya kugeuka kurudi (nitaieleza katika hatua ya 5), na saa ya maji kujaa.

## Hatua ya 2: Chagua pwani inayolingana na watoto wako

Paje, Jambiani na Bwejuu zina uwanda mpana. Maji yakitoka, unabaki mchanga, majani ya bahari na vidimbwi hadi karibu na mwamba wa nje ambako mawimbi yanapasukia. Kwa mtoto wa miaka mitano mpaka kumi, hapa ndipo penye mambo, maana haina haja ya kujua kuogelea. Lakini upana huohuo ndio hatari yake, kwa sababu mwamba uko mbali na ufukwe.

Paje kuna vijana wa vishada vya kuvutia ubao majini, hasa upepo wa kusi ukishika. Wakati maji yanapojaa, kamba zao hupita kasi juu ya vichwa. Familia yenye watoto isogee upande wa Jambiani, au ikae mbali na sehemu wanakorushia.

Kendwa, kaskazini ya Unguja, maji hayatoki mbali. Unaweza kuogelea karibu saa zote. Kama watoto wanataka kuogelea tu na hawajali vidimbwi, nenda huko na hatua nyingi za mwongozo huu hazitakuhusu. Nungwi karibu na mnara wa taa kuna bwawa la kasa la Mnarani, ambapo kasa waliookolewa hutunzwa. Watoto hulipenda, lakini halichukui zaidi ya saa moja.

Kwa safari ya kwanza chagua Jambiani. Daladala namba 309 kutoka mjini inafika, kijiji ni kirefu kando ya bahari, na hukosi mwenyeji wa kukuongoza.

## Hatua ya 3: Siku moja kabla

Tafuta mwenyeji. Siyo lazima awe mwongozaji wa watalii mwenye kitambulisho shingoni. Mvuvi wa pweza au mama wa mwani anaijua pwani yake kuliko jedwali lolote. Mwulize maswali matatu: maji huanza kuingia kupitia wapi, wapi pana miiba mingi, na mashamba ya mwani yako upande gani. Elewaneni malipo mapema na kwa heshima, kwa sababu anaacha kazi yake kukushika mkono.

Piga simu hoteli moja ya karibu uulize kama wanapokea wenyeji wa kutwa. Msimu wageni wakiwa wachache nyingi hukubali, na bei huzungumzika: kivuli, choo safi, bomba la kuogea maji baridi, pengine na bwawa la kuogelea. Uliza pia habari ya mavazi kwenye bwawa, ili mkeo au dada yako asije akazuiwa mlangoni kwa sababu ya vazi lake la stara. Kama hawakubali, jamaa wa mwenyeji wako watakukaribisha uani kwao kwa furaha zaidi, na mihogo yako italiwa na kijiji.

Jua hospitali iliyo karibu kabla hujaihitaji. Kusini ni Makunduchi, kaskazini ni Kivunge.

Mwisho, mpangie dereva saa ya kuondoka iliyo saa moja mapema kuliko unavyodhani unahitaji. Nina sababu, nitaisema.

## Hatua ya 4: Kufika na kushuka pwani

Fika ufukweni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa. Kama maji yanapwa saa nne na nusu, uwe mchangani saa mbili na nusu. Kufuata maji yakitoka ni salama: kila dakika kina kinapungua, na ukikosea njia bahari inakusamehe.

Kabla mguu haujalowa, fanya haya kwa mpangilio huu.

Kwanza, simamisha watoto wakitazama nchi kavu. Waoneshe alama mbili zinazoonekana kutoka mbali: mnazi uliopinda, paa jekundu, mnara wa msikiti. Kila mtoto azitaje. Ufukwe mzima hufanana ukiwa katikati ya maji, na mtoto aliyepotewa na mwelekeo hukimbilia kokote.

Pili, gawa watoto: mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, asizidi. Wa miaka mitano na sita ashikwe mkono muda wote. Mama mwenye kichanga abaki ufukweni na awe ndiye mtazamaji wa saa.

Tatu, fundisha filimbi. Mlio mmoja: simama. Milio mitatu: rudi kwangu sasa hivi. Jaribuni mara mbili mchangani, na wala msione haya.

Nne, weka kengele ya saa ya kugeuka.

Maneno mawili ya adabu. Pwani ni kiwanja cha kazi cha wenye kijiji. Amkia kila unayempita, na ukikuta kina mama wanafunga mwani, shikamoo kwanza, picha baadaye, tena kwa ruhusa. Na mstari wa vijiti na kamba ni shamba. Mtoto akikanyaga kamba, amekata kipato cha mtu. Zungukeni, hata kama ni mbali.

Dalili kwamba hatua hii imekwenda vizuri: watoto wanaweza kuonesha alama zao wakiwa wamefumba jicho moja na kucheka, na hakuna anayekwenda mbele ya mwenyeji.

## Hatua ya 5: Kutembea, kutazama na kugeuka

Tembeeni polepole, mguu ukiburuzwa kidogo penye mchanga uliofunikwa na maji. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani, na akihisi mburuzo hukimbia mwenyewe. Anayemkanyaga ndiye anayechomwa. Penye mawe, mguu utue pale macho yalipokwishafika. Wale viumbe weusi wa mviringo, wa miiba mirefu kama sindano, hukaa kwa makundi kando ya mawe na ndani ya majani, na samaki-jiwe anafanana na jiwe kiasi kwamba hata mvuvi mzoefu humkosa. Ndiyo maana ya viatu, na ndiyo maana ya kutokanyaga matumbawe hata kama yanaonekana imara. Yale ni viumbe hai, na hukata mguu kama wembe.

Chagua kidimbwi kimoja na mkae. Familia nyingi hupita vidimbwi ishirini mbio mbio na kuona maji tu. Mwacheni mtoto achuchumae, kivuli chake kisiangukie maji, anyamaze ahesabu mpaka mia. Ukifika thelathini hivi, kaa mdogo anatoka chini ya jani. Ukifika sitini, kile ulichodhani ni kijiwe kinatambaa. Mara yule kiti cha pweza, kiumbe wa umbo la nyota, mwekundu mwenye vinundu, ambaye mlidhani amekufa, ananyanyua ncha ya mkono mmoja, na chini yake unaona vijiguu vidogo vingi vikipapasa kama nywele zenye akili. Binti yangu alipoona hivyo mara ya kwanza hakupiga kelele. Alinishika kidole tu akakibana. Kwa dakika ile nitaamka saa kumi na moja alfajiri mwaka mzima.

Sheria za kugusa ni chache. Kiti cha pweza na jongoo bahari: guseni kwa kidole kilicholowa, palepale majini, msivinyanyue. Kombe lenye umbo la koni, hata liwe zuri vipi: lisiguswe kabisa. Konokono wa baadhi ya makombe hayo ana mwiba wenye sumu inayoweza kuua mtu. Njia rahisi ni kumwambia mtoto asiokote kombe lolote pwani. Atachagua matupu kwenye mchanga mkavu wakati wa kurudi. Ukitumia ndoo nyeupe, chota maji na kiumbe kimoja, tazameni dakika mbili, mrudishe palepale.

Sasa kugeuka. Nasema kwa msisitizo kwa sababu hapa ndipo watu wanapofariki.

Geukeni saa ileile maji yanapopwa kabisa, au nusu saa kabla ikiwa mko mbali au mna mtoto chini ya miaka saba. Usingoje uone maji yanaingia. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni mwendo wa maji. Gawa kina chote cha bamvua mafungu 12. Saa ya kwanza bahari hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua ya mita 3.6, fungu moja ni sentimita 30. Saa ya kwanza unaona sentimita 30 tu, unajidanganya una muda. Mwisho wa saa ya pili ni sentimita 90, kifua cha mtoto wa miaka saba. Saa ya tatu peke yake inaongeza sentimita 90 nyingine, na sasa mtu mzima anaogelea.

Ya pili ni umbo la pwani. Uwanda wa mashariki haukuinama sawasawa kutoka mwamba hadi ufukweni. Katikati, baina yako na nchi kavu, pana mabonde na mikondo iliyo chini kuliko pale uliposimama. Maji huingia kupitia milango ya mwamba, yanakuzunguka, yanajaza bonde la nyuma yako kwanza. Wewe uko juu ya mchanga mkavu ukipiga picha, na njia ya kurudi imeshakatika.

Yaliyonifika mimi ni haya. Gari tulilokodi lilichelewa saa mbili, tukafika wakati maji yamekwishapwa. Watoto walikuwa wamesubiri tangu alfajiri, sikuwa na moyo wa kuwaambia basi. Tukaenda mbio hadi karibu na mwamba, tukakaa nusu saa. Kurudi, mkondo tuliouvuka kwa vifundo vya miguu ulikuwa umefika kiunoni kwangu, na ulikuwa ukivuta. Nilimbeba binti yangu wa miaka saba mabegani, mume wangu akambeba wa miaka mitano, na mwenyeji mmoja aliyekuwa akitoka kuwinda pweza akatuelekeza kwa fimbo yake tupite wapi. Hatukupata hata mchubuko. Lakini mpaka leo dereva akichelewa nusu saa, tunabaki ufukweni, tunajenga majumba ya mchanga, na mwamba unasubiri bamvua nyingine.

Umefaulu kama mguu wa mtoto wa mwisho umekanyaga mchanga mkavu kabla ya saa moja kupita tangu maji kupwa.

## Hatua ya 6: Mchana kivulini

Hesabu watoto. Wape maji kabla ya chakula. Mimina maji baridi miguuni mwa kila mmoja na utazame nyayo, kisha wabadilishe nguo kavu. Kipupwe na upepo juu ya nguo iliyolowa humfanya mtoto atetemeke hata jua likiwaka.

Swala, chakula, na kulala saa moja. Usiruke usingizi. Mtoto asiyepumzika mchana yumo hatarini zaidi majini jioni, kwa sababu misuli imechoka na yeye hajui.

Wasiolala wacheze nage mchangani, warushe tiara, au wachimbe mashimo ya bao na kuokota kete ufukweni. Upepo wa kusi ni mzuri kwa tiara. Simameni mbali na nyaya za umeme za barabarani.

## Hatua ya 7: Alasiri, kuogelea au Jozani

Una njia mbili, usijaribu zote.

Kuogelea ni kuanzia saa tisa na nusu hivi, maji yakiwa yamekaribia kujaa na mwendo wake umepungua. Chagueni pale penye mchanga mtupu mlipopaona asubuhi. Hii ni faida kubwa ya kuitembea pwani maji yakiwa yametoka, kwani mnajua kilichomo chini. Mtoto asipite kina cha kifua chake, na mtu mzima awe upande wa bahari, siyo upande wa ufukwe. Maji yakianza kutoka, tokeni na ninyi.

Jozani ni kwa walioshiba bahari. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iko njiani mnaporudi mjini. Chukua kitambulisho cha mkaazi, maana kiingilio cha mwenyeji si sawa na cha mgeni. Kima punju, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa visiwani Zanzibar, huwa karibu na barabara na hana woga. Kaeni hatua kadhaa mbali naye, msimpe chakula, na funikeni mikono ya watoto wenye maandazi. Halafu muende kwenye njia ya mbao ndani ya mikoko upande wa Pete. Siku ya bamvua mkifika karibu na saa kumi mtakuta maji yamepanda mpaka kwenye mizizi na samaki wadogo wanapita chini ya miguu yenu. Watoto walewale walioona bahari imekauka asubuhi wataona maji yamerudi bila kuelezwa. Ulizeni mapema saa ya kufunga.

Dereva alete mwendo wa taratibu pale barabara inapopita msituni. Kima huvuka.

## Mtu akichomwa

Miiba ya wale viumbe weusi wa mviringo: ng'oa inayotokeza kwa kibanio, usichimbe iliyovunjika ndani. Tumbukiza mguu kwenye maji moto kiasi mtu anachoweza kuvumilia bila kuungua, dakika 30 hadi 90. Mtu mzima ajaribu maji kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu hausikii moto. Wenyeji wengi hupaka utomvu wa papai bichi. Ukifanya hivyo, maji moto yatangulie.

Taa au samaki-jiwe: maji moto hayohayo, mara moja, na safari ya hospitali ianze huku mguu ukiwa ndani ya ndoo. Maumivu ya samaki-jiwe ni makali sana, usingoje yapoe.

Yavuyavu (kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazochoma): suuza kwa maji ya bahari, siyo ya kisima wala ya chupa, ondoa nyuzi kwa kibanio, usisugue kwa mchanga.

Kombe la koni: funga bandeji ya kukaza kiasi kuanzia vidoleni kupanda juu, mgonjwa asitembee, mbebeni, na kimbieni hospitali hata kama hasikii maumivu.

Mtoto akishindwa kupumua vizuri, akivimba uso au akitapika mfululizo baada ya kuchomwa na chochote, ni hospitali, na mengine yote yaachwe.

## Kwa walioko Pemba

Saa za bamvua ni karibu zilezile, kwa hiyo kalenda ya hatua ya 1 inafaa. Pwani ninayoipendekeza ni Vumawimbi, kaskazini, kwa sababu unapita Msitu wa Ngezi kuifikia. Ingawa msitu mnaupita kwanza, mpangilio uwe huu: mwamba na mchanga asubuhi, msitu alasiri penye kivuli. Hapo hakuna maduka ufukweni, basi maji ya kunywa yaongezwe kwa nusu.

Walio upande wa Chake Chake wanaweza kumalizia Kidike kuwatazama popo wa Pemba, wakubwa, wenye nyuso kama za mbweha, ambao ni wa kisiwa hicho tu. Watoto wasipige makofi kuwarusha. Popo hao hulala mchana.

## Hatua ya 8: Kufika nyumbani

Osha viatu kwa maji baridi na uvikaushe kivulini, vinginevyo gundi inaachia kabla ya bamvua ijayo. Suuza miwani. Miiba midogo hujionesha usiku, kwa hiyo watoto wakishalala, pita na tochi utazame nyayo tena. Palipo na doa jeusi na wekundu unaosambaa, asubuhi ni kwa daktari.

Halafu chukua ile karatasi ya mambo manne, uandike nyuma yake tarehe ya mwezi mwandamo, saa ambayo maji yalipwa kwa macho yako mwenyewe, mkondo ulikuwa mbele ya mnazi upi, na jina la mwenyeji aliyewashika mkono. Ibandike pembeni ya kalenda ya sebuleni.